Amri ya kurudi ofisini: inamfunga nani, na kwa sheria ipi?

Katika jumba moja la ofisi za serikali mjini Kisumu unaweza kukutana na watu wanne kwenye korido moja, kila mmoja na kitambulisho cha kazi kifuani, na wote wanne wananchi wanawaita watu wa serikali. Mmoja ni afisa wa ardhi aliyeajiriwa na wizara. Wa pili ni afisa wa mipango wa kaunti. Wa tatu ni mwalimu aliyekuja kufuatilia uhamisho wake. Wa nne ni karani wa mahakama aliyeleta hati. Tuseme kesho asubuhi Mkuu wa Utumishi wa Umma anatoa waraka Nairobi: kila mtumishi aripoti ofisini siku tano kwa wiki. Waraka huo unamfunga nani kati ya hao wanne?

Wengi watajibu kwamba unawafunga wote. Ukweli ni kwamba unamfunga moja kwa moja yule wa kwanza tu. Wengine watatu wana waajiri wengine, na mpaka waajiri hao wauchukue waraka ule na kuufanya wao, kwao ni habari ya gazetini. Watu wanapotoshana sana hapa, na wanaoumia ni wale wanaofanya maamuzi makubwa, kuhama nyumba, kuacha kazi, kugomea barua, kwa sababu ya agizo ambalo huenda haliwahusu.

Katiba ya 2010 ndiyo iliyowagawa hivyo. Kifungu cha 234 kinaipa Tume ya Utumishi wa Umma, PSC, mamlaka juu ya watumishi wa serikali ya kitaifa, kisha kinawaondoa mikononi mwake walimu, wahudumu wa mahakama na watumishi wa kaunti. Walimu wako chini ya Tume ya Huduma za Walimu, TSC, kwa kifungu cha 237. Wafanyakazi wa mahakama wanaajiriwa na Tume ya Huduma za Mahakama. Watumishi wa kaunti wako chini ya kifungu cha 235 na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, iliyounda Bodi ya Utumishi wa Umma katika kila kaunti. Ongeza mashirika ya serikali, ambayo Kisumu inayo mengi, kuanzia taasisi ya utafiti wa matibabu KEMRI hadi Mamlaka ya Maendeleo ya Bonde la Ziwa. Hayo hupokea maagizo kupitia wizara zake, lakini mkataba wa kazi ni kati ya mfanyakazi na shirika lenyewe.

Kwa hiyo, kabla ya kubishana kama kazi ya nyumbani ni kazi au uvivu, chukua barua yako ya ajira usome ni nani aliyeitia sahihi. Huyo ndiye anayeweza kukuita.

Mjadala wenyewe umetufikia kwa sehemu kubwa kutoka mbali. Januari 20, 2025, siku aliyoapishwa, Rais Donald Trump wa Marekani alitia sahihi agizo fupi la kuwataka wakuu wa idara za serikali kuu wakomeshe kazi za mbali na kuwarudisha wafanyakazi ofisini muda wote, huku wakiruhusiwa kutoa misamaha wanapoona inafaa. Jimbo la Ontario nchini Kanada limewataka watumishi wake ofisini siku tano kwa wiki kuanzia Januari 2026. Uingereza imeweka kipimo cha asilimia 60 ya muda wa kazi kwa watumishi wake wengi. Habari hizi zinasomwa kwenye matatu ya Kondele na kwenye foleni za benki za Nakuru kana kwamba ni zetu, nasi tunachukua upande mara moja.

Lakini hata huko hali haikuwa kama inavyosimuliwa. Ripoti ya serikali ya Marekani ya Agosti 2024 ilionyesha kuwa kati ya watumishi wa kiraia wapatao milioni 2.28, asilimia 54 walikuwa na kazi zisizowezekana nje ya kituo: wauguzi wa hospitali za maveterani, wakaguzi wa vyakula, walinzi wa mipaka. Waliokuwa wakifanya kazi mbali kabisa, bila kutarajiwa kufika ofisini, walikuwa asilimia 10. Jambo la pili lina uzito zaidi kwetu: Marekani ilikuwa na sheria ya kazi za mbali tangu 2010, iliyozitaka idara ziwe na sera na kuandikiana mkataba na mfanyakazi anayeruhusiwa. Mtu alipoitwa arudi, palikuwa na karatasi ya kuvunjwa. Sisi hatuna sheria ya namna hiyo. Hakuna kifungu katika sheria za Kenya kinachompa mtumishi haki ya kufanyia kazi nyumbani kwa sababu tu kazi yake inawezekana nyumbani.

Basi ruhusa tuliyokuwa nayo ilitoka wapi? Ilitoka kwenye korona. Machi 15, 2020, siku mbili baada ya kisa cha kwanza kutangazwa nchini, Rais Uhuru Kenyatta aliwataka waajiri wa umma na wa kibinafsi wawaruhusu watu wafanyie kazi nyumbani, isipokuwa wa huduma za lazima. Mwaka uliofuata, eneo letu liliguswa kwa namna yake. Machi 26, 2021 Nakuru ilifungwa pamoja na Nairobi, Kiambu, Machakos na Kajiado, na kuingia au kutoka katika eneo hilo kukapigwa marufuku hadi Mei 1. Kisha wimbi la korona ya aina ya Delta likapiga ukanda wa ziwa, na Juni 18 Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, akatangaza masharti makali kwa kaunti 13: Kisumu, Siaya, Busia, Vihiga, Kakamega, Bungoma, Trans Nzoia, Kisii, Nyamira, Migori, Homa Bay, Kericho na Bomet. Kafyu ilianza saa moja jioni. Waajiri, serikali ikiwamo, walishauriwa kuwaacha wafanyakazi wao wafanyie kazi nyumbani, isipokuwa wale ambao huduma zao haziwezi kutolewa kwa mbali. Machi 11, 2022 masharti mengi yaliyokuwa yamebaki yaliondolewa.

Soma tena mfululizo huo kwa jicho la sheria. Kila agizo lilikuwa hatua ya afya ya umma, la muda, na halikugusa mkataba wa mtu yeyote. Barua ya ajira iliyosema kituo chako ni Kakamega iliendelea kusema Kakamega siku zote ulizokuwa ukituma kazi kutoka Mumias. Korona ilipoondoka, wajibu wa kufika ulirejea wenyewe, bila kuhitaji waraka mpya. Mtumishi anayesema leo kwamba alizoea, na kwamba mazoea yamekuwa haki, anajiweka pabaya. Namhurumia, kwa sababu wakubwa wengi walinyamaza miaka mizima kisha wakaamka ghafla na vitisho, lakini kunyamaza kwa mkubwa hakubadilishi barua iliyo kwenye faili.

Yuko mtumishi wa aina nyingine, na huyu watu humsahau. Ni yule aliyeajiriwa au kuandikiwa baadaye kwamba atafanyia kazi nyumbani, au kwamba atafika ofisini siku mbili tu kwa wiki. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 10, inataja mahali pa kazi na saa za kazi kuwa miongoni mwa mambo ambayo lazima yaandikwe katika mkataba. Kifungu hicho hicho kinasema jambo kama hilo likibadilika, mwajiri atashauriana na mfanyakazi, atarekebisha mkataba na kumjulisha kwa maandishi. Huyu hawezi kurudishwa kwa ujumbe wa WhatsApp uliotumwa Jumapili usiku. Ana haki ya kuitwa, kusikizwa na kupewa barua. Barua pepe ya mkubwa iliyosema "endelea hivyo hivyo" si mkataba mpya, lakini ni ushahidi wa makubaliano, na ninamsihi kila mwenye nayo aihifadhi.

Upo upande wa pesa ambao wanaopenda kazi za mbali hawautaji mara nyingi. Mshahara wa mtumishi wa umma Kenya umefungwa na kituo. Marupurupu ya nyumba hupangwa kwa makundi ya miji: Nairobi iko juu peke yake, kisha miji kama Mombasa, Kisumu na Nakuru, kisha midogo. Afisa wa cheo kile kile akihamishwa kutoka Nairobi kwenda Kisumu, fungu lake la nyumba linapungua. Sasa fikiria afisa ambaye kituo chake ni Nairobi, analipwa marupurupu ya nyumba ya Nairobi, lakini mwezi mzima anafanyia kazi kwao Ahero. Kazi inafanyika, labda inafanyika vizuri kuliko zamani. Hata hivyo mkaguzi wa hesabu ana haki ya kuuliza pesa ile ya nyumba ni ya nyumba ipi. Vivyo hivyo marupurupu ya usafiri: yaliwekwa ili mtu afike kazini, na waraka wowote wa kazi za mbali usiposema yanaendelea au yanakoma, unamwachia karani wa mishahara aamue kitu ambacho si chake kuamua. Mtu akidai abaki nyumbani na aendelee na kila senti ya kituo, awe tayari kujibu.

Na serikali nayo ijibu yake. Kaunti zilipoanza kazi 2013 zilirithi majengo ya mabaraza ya miji na ofisi za wilaya, yaliyojengwa kwa watumishi wachache zaidi. Kuna idara ambapo maafisa wanapokezana meza, na anayechelewa anasimama. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inaweka kipimo cha chumba cha kazi: mita za ujazo 10 kwa kila mtu, kwa uchache. Chumba cha upana wa mita tatu kwa nne, chenye dari ya mita tatu, kina mita za ujazo 36. Hapo wanatosha watu watatu. Wapo watu saba wanaofanya kazi kwenye chumba kama hicho, pamoja na kabati la mafaili na jiko la chai. Mwajiri anayewaita watu wote siku tano bila kuhesabu viti anawaita kwenye uvunjaji wa sheria, na hilo ni jambo la kusemwa mezani na viongozi wa chama cha wafanyakazi kabla ya kitu kingine chochote.

Nije sasa kwenye lile linalowakera wananchi, na ambalo naliona kuwa moyo wa mambo yote haya. Mkenya hakujifunza kukosa huduma wakati wa korona. Koti limekuwa likining'inia kwenye kiti, na mwenye koti yuko mjini kwa shughuli zake, tangu kabla ya wengi wetu kuzaliwa. Mama ametoka Nyakach alfajiri, amepanda matatu mbili, amefika dirishani saa tatu, anaambiwa mkubwa ametoka kidogo, angoje. Saa saba dirisha linafungwa. Saa nane linafunguliwa na mtu mwingine asiyejua habari za faili lake. Anaambiwa arudi kesho. Nauli ya kesho ataitoa wapi? Kilio hicho ni cha haki kabisa, na ndicho kinachofanya agizo la "rudini ofisini" lipigiwe makofi barazani. Lakini tazama: mwenye koti alikuwa anahesabiwa kuwa yuko ofisini. Alisaini rejista. Leo mahali pengi rejista imekuwa mashine ya alama za vidole, nayo inajua tu kwamba kidole kimegusa saa mbili kamili. Haijui kama faili la mama wa Nyakach limefunguliwa.

Ndiyo maana naamini agizo la jumla, la kila mtu siku tano, linapiga kando ya shabaha. Linambana mhasibu anayefunga hesabu vizuri akiwa kwake, na halimgusi mtu wa koti, ambaye miaka yote amekuwa "ofisini".

Kazi zenyewe zinatofautiana, na hapa Magharibi tofauti hiyo inaonekana wazi. Muuguzi wa hospitali ya kaunti, chifu, afisa wa mifugo anayechanja ng'ombe Muhoroni, mwalimu: hao hawakuwahi kuwa na mjadala wa kubaki nyumbani, na kuwachanganya nao ni kuwakosea. Ofisi ya ardhi iko katikati. Mfumo wa Ardhisasa, wa huduma za ardhi kwa mtandao, ulizinduliwa Aprili 2021 ukianzia Nairobi, lakini katika kaunti nyingi faili la karatasi bado ndilo ukweli wa mwisho, na faili la karatasi halifuati mtu nyumbani. Afisa wa ardhi anayekaa mbali na chumba cha mafaili anamzuia mnunuzi, muuzaji, mrithi na benki kwa pamoja. Kwa upande mwingine, tangu Machi 2024 uwasilishaji wa kesi kwa mtandao umefika mahakama zote nchini, na wakili wa Kisumu anaweza kufungua kesi akiwa kwake Milimani bila kubeba bahasha hadi rejista. Kesi hutajwa kwa video. Anayehakiki hati zile ndani ya mfumo anahitaji mtandao wa kuaminika na stima isiyopotea, kuliko anavyohitaji dirisha la mbao.

Na stima inapotea. Nisilifiche hilo. Mtumishi wa Luanda au Molo anayesema atafanyia kazi nyumbani aseme pia bando analipa nani, kompyuta ni ya nani, na ikiharibika na siri za wagonjwa ndani yake atajibu nani. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haiangalii kama data ilivuja ofisini au sebuleni. Vilevile ajali: Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya 2007 inalipa jeraha lililotokea katika kufanya kazi, na kuthibitisha hivyo ukiwa jikoni kwako, bila shahidi, si rahisi.

Je, utafiti unasemaje kuhusu tija? Ulio imara zaidi ninaoufahamu ulifanywa China, katika kampuni ya safari ya Trip.com, na kuchapishwa 2024. Wafanyakazi 1,612 waligawanywa kwa bahati nasibu: nusu ofisini siku zote tano, nusu siku tatu ofisini na mbili nyumbani. Walipofuatiliwa, tathmini zao za kazi na vyeo walivyopandishwa havikutofautiana, lakini kuacha kazi kulipungua kwa theluthi moja kwa wale wa siku mbili nyumbani. Tusiyachukue matokeo hayo mazima mazima. Wale walikuwa wahandisi wa programu, watu wa masoko na wahasibu wa kampuni inayopima kazi yao kila miezi sita. Wizara yetu isiyojua afisa wake amemaliza nini mwezi huu haiwezi kudai matunda hayo. Kandarasi za utendakazi tunazo tangu miaka ya mwanzo ya 2000, na fomu za tathmini hujazwa kila mwaka. Zikijazwa kwa ukweli, swali la mtu yuko wapi linapungua uzito. Zikijazwa siku ya mwisho kwa kunakili za mwaka jana, mkubwa hana kipimo kingine ila kuona sura ya mtu.

Kuna watu ambao agizo la jumla linawaumiza kuliko wengine, na hao sheria imewataja. Mtumishi mwenye ulemavu ana haki ya kuomba marekebisho yanayofaa katika kazi yake, haki iliyotiliwa nguvu na sheria mpya ya watu wenye ulemavu ya 2025. Kufanyia kazi nyumbani siku fulani kunaweza kuwa rekebisho mojawapo, hasa pale ofisi iko ghorofa ya tatu na lifti imekufa. Mama anayenyonyesha anaporudi kutoka likizo ya uzazi analindwa na Sheria ya Afya ya 2017: mwajiri awe na chumba cha kunyonyeshea, na mama apewe muda wa kunyonyesha au kukamua maziwa, jumla isiyozidi saa moja kwa kila saa nane za kazi, na muda huo unalipwa. Ofisi isiyo na chumba hicho haina uso wa kumkemea mama aliyeomba abaki nyumbani mchana.

Ukipata barua ya kukuita, usiinyamazie. Kukaa nyumbani kimya ndiyo njia ya haraka ya kupoteza kazi, kwa sababu kifungu cha 44 cha Sheria ya Ajira kinahesabu kutokuwepo mahali pa kazi bila ruhusa au sababu halali kuwa kosa kubwa, linaloweza kumfukuzisha mtu papo hapo. Ripoti, kisha lalamika ukiwa kazini. Andika sababu zako kwa mwajiri wako, ambatanisha karatasi ya daktari au makubaliano yoyote mliyoandikiana, na upeleke nakala kwa chama. Ukipewa barua ya kujieleza, ijibu ndani ya muda uliotajwa. Hakuna anayeweza kukufukuza kihalali kwa kosa bila kukueleza kosa lenyewe kwa lugha unayoielewa na kukusikiza, ukiwa na mwenzako wa kazini au mwakilishi wa chama. Hicho ni kifungu cha 41, na kesi nyingi huamuliwa hapo.

Wa kaunti waangalie jambo moja zaidi. Ukiadhibiwa na bodi ya kaunti, rufaa inakwenda kwanza PSC, ndani ya siku 90 tangu uamuzi, kwa kifungu cha 77 cha Sheria ya Serikali za Kaunti. Watu wengi hukimbilia Mahakama ya Ajira na Uhusiano wa Kikazi, iliyo na vituo Kisumu na Nakuru, wakarudishwa mlangoni kwa sababu hawakupitia PSC, na kufikia hapo siku 90 zimekwisha.

Kwa bodi zenyewe, sioni ugumu wa kuandika waraka wa maana. Utaje vyeo, si "watumishi wote". Useme ni kazi gani lazima ziwe dirishani kuanzia saa mbili hadi saa kumi na moja na nani anakaa dirishani saa ya chakula. Useme siku za nyumbani kwa wale wanaoweza, marupurupu yanakuwaje, vifaa ni vya nani, na maombi ya msamaha yanajibiwa na nani kwa siku ngapi. Uwape watu muda wa kutafuta nyumba na yaya, kwa sababu aliyehamia kijijini Butere akitegemea ruhusa ya mkubwa hawezi kupanga chumba Kakamega kwa wikendi moja.

Na mama wa Nyakach? Kila ofisi ya umma inatakiwa kubandika ukutani mkataba wa huduma: huduma gani, unahitaji nini, inagharimu kiasi gani, inachukua muda gani. Ausome, na kama hajui kusoma amwombe mtu amsomee. Muda ukipita na kiti kikiwa kitupu, apeleke malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo ina ofisi mjini Kisumu na haitozi ada. Atahitaji tarehe alizokwenda, idara aliyoifuata, alichoambiwa, na jina la aliyemwambia kama alilipata.